Shamba la Ureno

Kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji, Melania alikuwa ameshachovya dole gumba kwenye wino pale mwanawe alipomwonyesha picha ya nyumba kwenye simu.

Ilikuwa nyumba ya mawe huko Ureno, ya miaka mia tatu, na shamba lake la mizeituni la ekari arobaini. Dhahabu ambayo mwanawe aliipata Masumbwe ilikuwa imelipa sehemu kubwa ya bei yake. Iliyobaki ingetoka hapa Samuye, kwenye shamba la ukoo. Watoto wengine wa Melania walikwisha kusaini liuzwe.

"Haya mawe meupe nyuma ya nyumba ni nini?" Melania aliuliza.

"Makaburi, mayu. Ya wenye nyumba wa zamani. Mkataba unasema anayenunua asiyaguse, na ayatunze."

"Utayatunza?"

"Ndiyo sheria yao. Nitaweka mtu wa kufyeka."

"Na baba yako?"

Mwanawe aliweka simu mfukoni. "Tuliongea, mayu. Mnunuzi anataka shamba tupu. Tutamhamishia makaburi ya kijiji."

"Lini?"

"Kesho asubuhi. Vijana wa kuchimba wameshapatikana."

Mtendaji alikohoa na kumsogezea Melania karatasi ya mauzo. Melania akagandamiza dole lake mahali alipoonyeshwa.

Mtendaji aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Jembe la miaka hamsini lilikuwa limesugua mistari yote ya dole lile, na kwenye karatasi palikuwa na doa jeusi tu.

"Haijatoka, mama," alisema kwa upole. "Rudia."

Melania akachovya tena.