Kadi ya Isimbi

"Iko safi sasa, Mama," muuza nyimbo wa soko la Bihambwe aliniambia, akinirudishia kadi ya kumbukumbu ya simu ya binti yangu. "Nilifuta zote za zamani, nikakuwekea nyimbo za kwaya mia mbili."

Kadi yenyewe, ndogo kuliko ukucha wangu, ilikuwa bado na joto la mashine. Nilitaka kumfurahisha Isimbi. Aliichomeka kwenye simu palepale.

"Mama, watu wangu wa gitaa wako wapi?"

Mwaka jana alipenda muziki wa ndombolo kama wenzake. Kisha akaiacha, akahamia kwa vijana wasiojulikana, wanaoimba polepole kana kwamba wanajiongelesha. Binamu yake alimletea nyimbo hizo kutoka Goma, kabla vita havijafunga barabara ya Sake. Mimi niliziita nyimbo za wagonjwa.

"Hata kwaya iko na gitaa," nikasema.

"Na zangu je? Nilitunga tatu, Mama! Zilikuwa humo!"

Sikujua kama mtoto wangu anatunga.

"Ile yenye ng'ombe wanalia nyuma?" muuza nyimbo akauliza. "Nilizani ni kelele tu."

Isimbi akaanza kulia kwa hasira. Nikamshika mkono, kwa nguvu kuliko nilivyotaka.

"Unazikumbuka?"

"Moja tu."

"Basi imba. Sasa hivi, simu irekodi."

"Hapa? Mbele ya watu?"

Muuza nyimbo aliinama, akazima jenereta yake ili pawe kimya. Watu wote waliokuwa wakichaji simu wakaanza kumtukana.