Kifundo cha Kibibi

Kibibi alisimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, wa pili ameuinua hadi sikioni, akatulia tuli. Wivu ulimchoma Zamda. Tangu kifundo chake cha mguu kiteguke, yeye hakuweza kusimama hivyo bila kuyumba.

"Zamda, mshike hapo kifundoni," mwalimu wao wa dansi alisema. "Uone misuli inavyofanya kazi."

Zamda alipiga magoti, akashika. Chini ya ngozi misuli ilitetemeka na kuvutana kama kuku aliyekamatwa. Kumbe hakuwa ametulia hata kidogo!

"Shoga, naanguka," Kibibi alinong'ona, huku akiwatabasamia wenzao. "Usiniachie."

Mwalimu aliwageukia wasichana wengine, akaanza kuwaeleza. Zamda alitabasamu pia, na kidole gumba chake kikaanza kulegea.