Anayechoka Nyumbani

Mkimbiaji wa siku hizi hachoki. Uchovu wake hupita kwenye kikuku cha mkononi, ukamwangukia mtu wa nyumbani aliyevaa cha pili. Wa Jerotich ulimwangukia mama yake. Binti alipanda milima akiimba; mama alilala chali kitandani, akihema, chai ikipoa pembeni.

“Mama, leo nipumzike?”

“Kimbia, mwanangu. Mimi nimeshazoea.”

Kocha alisema Jerotich ana moyo wa ajabu, naye akavimba kichwa.

Asubuhi moja, katikati ya mlima, miguu ilianza kumuuma na pumzi ikamwishia. Alikitazama kikuku. Kilikuwa kizima, kinawaka kama kawaida.

Jerotich aligeuka, akashika njia ya nyumbani mbio, na kila hatua ilimuuma mwenyewe.