Gauni Chini ya Godoro

Hidaya aliinua godoro ashone palipochanika, akakuta gauni la maua mekundu limekunjwa vizuri upande wa mumewe, Sefu. Halikuwa lake. Alilinusa akitafuta manukato ya mwanamke, akakutana na harufu ya tumbaku ya Sefu.

"Kumbe amekumbatiwa na pande la mtu," aliwaza, maana gauni lilikuwa pana mabegani, na chini ya kwapa uzi ulikuwa umefumuka. Aliwapitisha kichwani wanawake wote wa mtaa. Hakuna aliyekuwa na mabega yale.

Sefu aliingia, akaliona gauni, akaganda mlangoni.

"La nani hili, baba Saumu?"

Sefu alimtazama mkewe alivyovaa: shati la bluu la mumewe, mikono imekunjwa, na suruali yake kuukuu imefungwa kamba kiunoni.

"Sokoni umekwenda na nguo hizo?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Kuna aliyekuuliza ni za nani?"

Hidaya aliitazama suruali aliyoivaa. Polepole alilitandaza gauni hewani, macho yakatoka kwenye mabega ya gauni yakaenda kwenye mabega ya mumewe. Sefu akainamisha kichwa.

"Hodi, mama Saumu!" Jirani aliita uani, hatua zake zikikaribia.

Hidaya alisukuma mlango, akatia komeo. Gauni likiwa bado mkononi, akachomoa sindano yenye uzi aliyokuwa ameichomeka kwenye kola ya shati, akatafuta kwapa lililofumuka.