Vifuko Vitano

Chujio lilikuwa limetoboka, na wageni wa msiba kutoka Kemambo walikuwa wanasubiri chai. Mokami akafungua begi la mume wake, aliyefukiwa na kifusi kwenye machimbo ya dhahabu. Akakuta vifuko vitano vya kitambaa alivyokuwa akimfulia kila Jumamosi bila kuuliza ni vya kazi gani.

Akavijaza majani ya chai, akavifunga kwa uzi, akavitumbukiza kwenye sufuria.

"Mwanangu, hii ni chai ya hotelini," mama mkwe alimsifu.

Mokami alipokamua kifuko cha mwisho, tone zito linalong'aa kama fedha likamdondokea kiganjani, likagawanyika mawili. Zebaki, sumu ile ya kunasia dhahabu.

"Mokami," mama mkwe akaita, "watoto wamemaliza. Wanaomba tena."