Nusu Kamili

Saa tatu asubuhi mashine ilitoa onyo: vinasaba vya mpimaji vimo kwenye sampuli ya marehemu.

“Dada, umempigia maiti chafya!” mwenzake akacheka. Vinasaba vya wafanyakazi wote wa maabara vilihifadhiwa humo, ili uzembe kama huo unaswe.

Mpimaji hakucheka. Ingekuwa chafya, vinasaba vyake vyote vingeonekana. Hapa ilikuwa nusu, katika kila kipimo.

Alikata kipande kingine cha msuli wa paja, kidogo kama punje ya mchele, chekundu bado kwa baridi ya jokofu. Akarudia kazi yote peke yake.

Alasiri jibu lilikuwa lile lile: nusu kamili, fungu ambalo mtoto hurithi kwa mzazi. Kijana aliyedai kuwa mwana wa marehemu hakuwa damu yake. Mpimaji ndiye aliyekuwa. Mama wa mpimaji aliingia kaburini akishikilia kwamba baba alikufa kabla binti hajazaliwa.

Akapiga simu chumba cha maiti.

“Kaka, yule mzee ana mtu wa kumzika?”

“Labda huyo kijana, majibu yenu yakimkubali. La sivyo, kesho anazikwa na manispaa. Kwani wewe nani yake?”

Alivua glavu, akaiweka mezani.

“Mwanawe,” akasema.