Kona ya Nne ya Shuka

Kona ya nne ya shuka yenye lastiki ilifyatuka kwenye godoro kwa mara ya tatu, ikampiga baba kidevuni.

"Kitanda gani hiki? Humu wanalaza twiga?"

Orodha ya vitu vya kuja navyo chuoni ilisema wazi kwamba magodoro ya bweni ni marefu kuliko ya kawaida. Baba hakuisoma. Alikwenda dukani peke yake, kule kwetu Dayton, akachagua shuka ya buluu, kisha akaifua mara mbili na kuianika juani isije ikaniwasha.

Mama yake Corinne, msichana niliyepangiwa naye chumba, alikuwa akitutazama. Akafungua sanduku lao.

"Tuna jozi ya ziada, saizi yenyewe. Chukueni tu, jamani."

Baba akaacha kuvuta. Mikono yake ya fundi wa mapaa, yenye lami kwenye kucha, ilitulia juu ya ile kona. Hakuniangalia.

"Asante sana, mama," nikasema. "Hii inanitosha. Mimi hulala nimejikunja."

"Tangu lini?" baba akauliza.

"Tangu leo. Haya, shika huko, tuvute."